Deni la Vita vya Nyota

Kuazima si dhambi. Jirani huazima jembe, mkulima huazima mbegu, na mwanafunzi huazima kitabu. Aibu huanza pale mwazimaji anapojidai kuwa ndiye mwenye mali, au anaporudisha kikiwa kimevunjika kitu alichokichukua kikiwa kizima. Sanaa nayo ina maazimo yake. Mtunga mashairi huchukua vina na mizani walivyovitumia waliomtangulia, na msimulizi husimulia kisa alichokisikia kwa bibi yake, ambaye naye alikisikia kwa bibi yake. Kwa hiyo, tunapoihukumu kazi ya msanii haitufai kuuliza kama ameazima, maana kila msanii ameazima. Yatupasa kuuliza maswali mawili yaliyo mazito zaidi: alichukua nini, na aliacha nini?

Napenda kuyauliza maswali hayo juu ya sinema moja mashuhuri, Star Wars, yaani Vita vya Nyota, iliyotungwa na kuongozwa na George Lucas wa Marekani, na kuanza kuonyeshwa tarehe 25 Mei, 1977. Sinema hii huhesabiwa miongoni mwa kazi kuu za hadithi za kubuni za sayansi. Ina vyombo virukavyo baina ya nyota, sayari yenye majua mawili, panga za mwanga, na maroboti wenye akili na ghadhabu kama watu. Wengi walioiona walidhani wameona kitu kipya kabisa. Kumbe karibu kila kiungo cha mwili wake kilikuwa cha zamani. Mavazi yalikuwa ya kesho, lakini mifupa ilikuwa ya jana.

Sisemi hayo kwa kuitukana. Hoja yangu ni kwamba pale Lucas alipochukua picha ya zamani pamoja na wazo lililoizaa, aliitajirisha sanaa. Na pale alipoichukua picha akaliacha wazo, aliipunguza, hata kama macho ya watazamaji yalifurahi.

Kwa msomaji asiyeiona sinema hii, kisa chake kwa ufupi ni hiki. Dola dhalimu imejenga ngome angani, kubwa mfano wa mwezi, yenye silaha iwezayo kuvunja sayari nzima. Binti mfalme Leia, aliye upande wa waasi, ameificha michoro ya ngome hiyo ndani ya roboti mdogo aitwaye R2-D2. Roboti huyo na mwenzake C-3PO waanguka katika sayari ya jangwa, na baada ya taabu nyingi wafika mikononi mwa kijana wa shamba, Luke Skywalker. Luke, pamoja na mzee Obi-Wan Kenobi na mfanya magendo Han Solo, aenda kumwokoa binti mfalme, na mwishowe ngome yavunjwa.

Tuanze na deni lililo jepesi kuonekana. Lucas alizaliwa mwaka 1944 katika mji wa Modesto, California. Utotoni alitazama katika televisheni sinema za mfululizo za Flash Gordon, zilizotengenezwa na kampuni ya Universal katika miaka ya 1936, 1938 na 1940. Hapo kwanza sinema hizo zilionyeshwa sehemu kwa sehemu, sehemu moja kila juma, na kila sehemu ilikatika shujaa akiwa ukingoni mwa mauti, ili mtazamaji arudi juma lijalo na senti zake mkononi. Alipokuwa mtu mzima Lucas alitaka kuitengeneza upya hadithi hiyo, lakini hakupata haki ya kuitumia. Aliponyimwa chungu cha wengine, akafinyanga cha kwake.

Hata hivyo udongo ulikuwa ni ule ule. Yale maandishi yapandayo taratibu mbele ya macho yetu mwanzoni mwa Star Wars, yakizidi kuwa madogo kadiri yanavyokwenda mbali, yalitumika katika Flash Gordon ya mwaka 1940. Ile namna ya picha moja kuisukuma nyingine mpaka ikatoka, kama mtu anayefungua pazia, nayo ni ya humo. Lakini Lucas hakuchukua pambo tu. Mfululizo ulikuwa na wazo lake: kwamba msimulizi hana haja ya kueleza kila jambo, kwa kuwa hadithi ilianza zamani na mtazamaji yumo safarini. Star Wars yaanza katikati ya mapigano, kana kwamba sisi tulikosa kuja juma lililopita. Twasikia majina ya watu na vita ambavyo hatukuvishuhudia, na kwa ajili hiyo twaamini kwamba dunia ile ina umri mkubwa kuliko sinema yenyewe. Ilipotolewa mwaka 1977 haikuwa na nambari; maneno ya kuitambulisha kuwa ni sehemu ya nne yaliongezwa ilipotolewa tena mwaka 1981. Hapo kilichoazimwa kilikuwa na uhai, na kwa mwazimaji kikazidi kuishi.

Deni la pili ni kubwa zaidi, nalo latoka Japani. Mwaka 1958 Akira Kurosawa aliongoza sinema ambayo jina lake, likifasiriwa kutoka Kijapani, ni Wabaya Watatu wa Ngome ya Siri. Ni kisa cha zama za vita baina ya makabaila. Binti mfalme Yuki ameshindwa vitani, naye hana budi kuvuka nchi ya adui pamoja na jemadari wake Rokurota na dhahabu ya ukoo wake, ambayo imefichwa ndani ya vijiti vya kuni. Lakini Kurosawa haanzi na binti mfalme wala na jemadari. Aanza na wakulima wawili maskini, Tahei na Matashichi, watembeao katika uwanda mkavu wakitukanana. Wagombana, waachana, kila mmoja atekwa kwa njia yake, kisha wakutana tena utumwani. Kwa macho ya wanyonge hawa wawili ndipo tuwaonapo wakubwa.

Msomaji aliyeiona Star Wars amekwisha kuwatambua. Ni R2-D2 na C-3PO. Nao wagombana jangwani, waachana, watekwa kila mmoja peke yake, na kukutana tena wakiwa bidhaa ya kuuzwa. Lucas mwenyewe amekiri kwamba wazo la kuisimulia hadithi kutoka kwa watu wa chini kabisa alilipata kwa Kurosawa, na muhtasari wake wa kwanza wa mwaka 1973 uliifuata sinema ya Kijapani kwa karibu sana.

Je, hapa alichukua umbo tu? Sidhani. Wazo la Kurosawa ni kwamba mambo makuu ya dunia huchukuliwa mabegani na watu wadogo, ambao aghalabu hawajui wamechukua nini. Wakulima wale wabeba kuni zenye hazina ya dola. Roboti mdogo abeba tumboni salama ya waasi wote. Wazo limesafiri pamoja na picha. Ni kweli kwamba wakulima wa Kurosawa ni walafi na wasaliti, na maroboti hawana tamaa ya mali. Lakini tukitazama vizuri twaona kwamba tamaa ile haikupotea. Ilihamia kwa Han Solo. Yeye ndiye asemaye kwamba anafanya yote kwa malipo, naye ndiye aondokaye na fedha zake wakati wa hatari. Mwishoni mwa sinema ya Kurosawa, Tahei na Matashichi wapewa kipande kimoja tu cha dhahabu wagawane, na watu wale ambao walikuwa tayari kuuana kwa ajili ya dhahabu, sasa kila mmoja ambembeleza mwenzake akiweke yeye. Mwishoni mwa Star Wars, Han Solo arudi vitani kumwokoa Luke wakati ambapo hapana malipo yoyote. Katika sinema zote mbili mlafi afunzwa na safari. Mtu aazimaye hivyo ameelewa alichokisoma.

Sasa natuvuke bahari, turudi Marekani, kwa John Ford, bingwa wa sinema za kauboi, ambaye Kurosawa mwenyewe alimheshimu sana. Mwaka 1956 Ford alitoa The Searchers, yaani Watafutao. Ndani yake Ethan Edwards, mchezo wa John Wayne, arudi kwa ndugu yake katika Texas, mwaka 1868. Wakomanchi, kabila la wenyeji wa asili wa nchi ile, wawavuta wanaume mbali kwa hila ya kuiba ng'ombe. Ethan afahamu hila hiyo akiwa amekwisha kuchelewa. Anaporudi akuta nyumba yawaka moto, ndugu yake na shemeji yake wamekufa, na mabinti wao wawili wametekwa.

Luke naye yuko mbali na nyumbani anapofahamu kwamba askari wa Dola wanakwenda kwa ami yake. Aenda mbio. Akuta moshi mweusi, na mbele ya mlango miili miwili iliyoteketea. Ulinganifu huu ni dhahiri: jangwa lile lile, mtu mmoja amesimama peke yake, nyumba yawaka, na amechelewa. Kwa macho, ni miongoni mwa picha bora katika sinema nzima.

Lakini tazama nini kilichofuata kwa Ford, na nini kilichofuata kwa Lucas. Moto ule ulimla Ethan kwa miaka. Amtafuta Debbie, binti mdogo wa ndugu yake, na katika kutafuta chuki yake dhidi ya Wakomanchi yazidi hata azimia kumwua binti mwenyewe, kwa kuwa amelelewa nao na kuwa mmoja wao. Dakika ya mwisho amwinua mikononi badala ya kumwua, ampeleka nyumbani, kisha yeye mwenyewe abaki nje ya mlango, hana pa kuingia. Ford auliza swali linalochoma: Je, msiba hutufanya tuwe watu wema au hutufanya wanyama? Luke, kwa upande wake, ausimamia msiba wake kwa muda mfupi mno, kisha amwambia mzee Obi-Wan kwamba ataandamana naye, na tangu hapo jina la ami na shangazi yake halitoki tena kinywani mwake kwa huzuni. Kuuawa kwao kumemfungulia njia ya safari, basi. Hapo Lucas alichukua moshi akaacha moto.

Yamkini mtu atasema kwamba Star Wars ni hadithi ya vijana, na vijana hawapendi maombolezo. Sikubali. Ngano tulizosimuliwa na wazee wetu zimejaa mayatima na makaburi, na watoto huzisikiliza kwa makini. Kijana hahitaji kufichwa huzuni. Ahitaji msimulizi ajuaye kuichukua.

Yafaa kusema neno hapa juu ya jangwa lenyewe. Ford alipiga picha zake katika bonde la Monument Valley. Lucas alikwenda Tunisia, Afrika ya Kaskazini, mwaka 1976. Jina la sayari ya Luke, Tatooine, latokana na mji wa Tataouine ulioko kusini mwa nchi hiyo, na sehemu ya ndani ya nyumba ya ami yake ni makao ya kweli, yaliyochimbwa ardhini na Waberiberi wa Matmata ili kujikinga na joto. Mtazamaji wa mbali adhani kwamba ni ubunifu wa fundi wa sinema, kumbe ni hekima ya wajenzi wa Kiafrika. Si wawia wote wa msanii walio wasanii wenye majina.

Deni la nne latoka Ujerumani. Katika Metropolis, sinema ya Fritz Lang iliyoonyeshwa Berlin kwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari, 1927, kuna mtambo wa chuma wenye umbo la mwanamke. Umbo la C-3PO, kifua chake, uso wake usiobadilika na ngozi yake ya madini, lilichorwa kwa kuufuata mtambo huo. Katika Metropolis matajiri waishi juu kwenye mwanga, na wafanyakazi wateseka chini kwenye mashine. Roboti apewa sura ya msichana mwema ili awapotoe wafanyakazi. Kwa hiyo mtu wa chuma, kwa Lang, ni swali juu ya kazi na utumwa: Je, mwenye nguvu akipata mtumishi asiyechoka, atamfanya nini binadamu?

Lucas aliichukua ngozi ya dhahabu, na swali likabaki Berlin. Ajabu ni kwamba nafasi ya kuliuliza ilikuwapo mbele yake. Maroboti wake wauzwa sokoni kama watumwa. Wafungwa kifaa mwilini ili wasitoroke. Katika baa moja wafukuzwa mlangoni kwa kuwa mwenye baa hawahudumii watu wa namna yao. Twawapenda maroboti hawa, twawacheka na kuwaonea huruma, lakini hakuna hata shujaa mmoja, wala Luke mwenye moyo safi, aulizaye kama ni haki kwao kumilikiwa. Waasi wapigania uhuru wa nyota zote, nao wana watumwa nyumbani.

Deni la tano ni la sinema za vita. Kabla ya mafundi wake kuyatengeneza mapigano ya angani, Lucas alikusanya vipande vya sinema za zamani za ndege za vita, akaviunganisha viwe kielelezo cha kufuata. Sehemu ya mwisho, ambapo marubani wapita katika handaki jembamba huku mizinga ikiwamiminia moto, ili waifikishe silaha yao mahali padogo mno, yaifuata kwa karibu The Dam Busters, sinema ya Kiingereza ya mwaka 1955 iliyoongozwa na Michael Anderson. Hata Gilbert Taylor, mkuu wa wapiga picha wa Star Wars, alikuwa ameshiriki katika kuzipiga picha za pekee za sinema hiyo ya Kiingereza.

The Dam Busters yasimulia jambo lililotendeka kweli. Mwezi Mei, 1943, ndege 19 za Uingereza zilikwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani. Ndege 8 hazikurudi, na watu 53 walikufa. Anderson haishii penye shangwe. Mabwawa yamekwisha kubomoka, na mvumbuzi wa bomu ahuzunika kwa ajili ya waliokufa. Naye kamanda Gibson amwambia kwamba ana barua za kuandika, kisha aenda zake peke yake. Twajua barua hizo zakwenda kwa nani.

Lucas alichukua mruko, akaziacha barua. Marubani wengi wa waasi wafa mmoja baada ya mmoja, lakini ngome inapovunjika hakuna awatajaye. Mahali pa barua pana gwaride. Mashujaa watatu wapita katikati ya safu ndefu za askari waliosimama wima, waelekea kwenye ngazi ya heshima. Wahakiki wengi wameona kwamba picha hiyo yafanana na nyingine iliyomo katika Triumph of the Will ya mwaka 1935, sinema ambayo Leni Riefenstahl aliitengeneza kuutukuza utawala wa Hitler, ambamo watu watatu wapita katikati ya umati uliopangwa kama matofali. Ni jambo la kutisha, na lastahili kufikiriwa. Sinema iliyoanza kwa kuulaani udhalimu yamalizika kwa kuazima mavazi ya karamu ya udhalimu. Sidai kwamba Lucas aliupenda ubaya ule. Hadithi yake nzima yaupinga. Nasema tu kwamba picha haisafiki kwa kuhamishwa. Ikiazimwa bila kuhojiwa, huja na harufu ya nyumba ilikotoka.

Je, baada ya hayo tuseme kwamba Lucas ni mwizi? La. Kama ni mwizi, Kurosawa naye ni mwizi, kwa maana aliichukua Macbeth ya Shakespeare akaifanya hadithi ya Kijapani mwaka 1957, na King Lear akaijengea sinema yake Ran mwaka 1985. Naye Shakespeare, kama kila mwanafunzi ajuavyo, alichota visa vyake katika vitabu vya waliomtangulia. Mwizi hasa ni yule afichaye. Mwaka 1964 Sergio Leone wa Italia aliifanya upya Yojimbo, sinema ya Kurosawa ya mwaka 1961, ikawa sinema ya kauboi, bila ya idhini. Madai yakafuata, na jambo likaisha kwa malipo. Sinema ya Leone ni nzuri, lakini uzuri haukulifuta deni.

Dawa ya deni kulipa, na katika kulipa Lucas astahili sifa. Mwishoni mwa miaka ya sabini Kurosawa alikuwa mzee aliyehangaika kutafuta fedha za kutengenezea sinema katika nchi yake mwenyewe. Lucas, ambaye Star Wars ilikuwa imempatia jina na nguvu, alishirikiana na Francis Ford Coppola kuishawishi kampuni ya 20th Century Fox, ile ile iliyoitoa Star Wars, itie fedha katika Kagemusha. Sinema hiyo ikamalizika, na katika mwaka 1980 ikashiriki tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Miaka 10 baadaye, Kurosawa alipopewa tuzo ya heshima ya Oscar, waliomkabidhi walikuwa Lucas na Steven Spielberg. Mwanafunzi amemshika mkono mwalimu wake, na dunia nzima ikaona.

Basi, wewe kijana unayetamani kutunga, usiogope kuazima. Jungu kuu halikosi ukoko, na wazee wa kila sanaa wameacha mengi chunguni. Lakini utakapokuta picha iliyokupendeza, kaa nayo kitambo uiulize ilizaliwa na nini. Kama ilizaliwa na msiba, uchukue na msiba. Kama ilizaliwa na swali, lichukue na swali, hata likikunyima usingizi. Na mtazamaji naye ana wajibu wake. Mtu aliyeiona Star Wars peke yake ameuona mti. Lakini aitazamaye pia sinema ya wale wakulima wawili, na ile ya mtu aliyebaki nje ya mlango, na ile ya kamanda mwenye barua za kuandika, ameona mizizi yake ilipo, na atajua ni tawi gani lina matunda na ni tawi gani lina majani tu.